Wewe mwenyewe una mtoto?

Nilipomaliza shahada ya lishe pale SUA, Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro, mjomba aliniuliza mgahawa nafungua lini. Shangazi akataka nirudi chuo nikasome uuguzi, eti lishe haina ajira. Lakini ushauri ulioniponza zaidi ni wa afisa lishe aliyenitangulia kazini: ukienda kwa akina mama vaa koti jeupe, watakuheshimu.

Nikalinunua Kariakoo, elfu kumi na tano na ushee. Siku ya kwanza ya kujitolea, kwenye zahanati moja huko Mbagala, nikaingia nalo kliniki ya watoto. Mtoto wa kwanza akalia, wa pili akamjibu, mpaka benchi zima likawa kilio. Kwao koti jeupe ni sindano. Nikawa napiga kelele kueleza wanga na protini. Nilipofika kwenye "virutubishi", bibi mmoja aliyempakata mjukuu akanyoosha mkono.

"Mwanangu, wewe mwenyewe una mtoto?"

"Hapana, bibi."

"Basi maliza upesi, tumeacha vyungu jikoni."

Nesi wa mizani alicheka mpaka akakosea kuandika kadi. Koti analivaa mdogo wangu sasa, ana banda la chipsi Tandika.

Wiki iliyofuata nilienda na shati la kawaida, jiko la mkaa na sufuria mbili. Nikamfuata yule yule. "Shikamoo bibi. Leo nimekuja unifundishe uji." Akaitikia marahaba huku anakaza kanga kiunoni. Akapika wake kama anavyompikia mjukuu wa miezi tisa, mwepesi kama chai, asipaliwe. Mimi nikapika wangu mzito. Kisha nikachota kijiko cha kila sufuria nikaviinamisha mbele ya wote. Wa bibi ukamwagika wote chini. Wangu ukang'ang'ania kijiko.

"Bibi, tumbo la huyu ni dogo. Ukilijaza maji, chakula kitakaa wapi?"

Akaonja wangu. "Umeunguza."

Kweli nilikuwa nimeunguza. Akaninyang'anya mwiko, akaupika upya, mzito, na akina mama wakamsogelea yeye, si mimi. Nikakaa pembeni na utepe wangu wa rangi napima unene wa mikono ya watoto, kuona nani ana utapiamlo. Wa mjukuu wake ukasoma sentimita 12.1, rangi ya njano, yaani utapiamlo wa kadiri (kijani, yaani salama, huanzia 12.5). Hapo bibi hakunitania tena. Akauliza aongeze nini.

Nikamtajia unga wa dagaa, na hapo nako nilikuwa nimeshaumbuka. Unga wangu wa kwanza ulijaa mchanga, mtoto aliyeonja akanitemea shatini. Toa vichwa, osha hata mara tatu, anika, kaanga bila mafuta, ndipo utwange.

Na jamani, huo unga wa lishe wa nafaka kumi na mbili mnaouziwa! Karanga zikisagwa pamoja na mahindi halafu unga ukae mwezi kabatini, mnakaribisha sumukuvu, sumu inayotokana na ukungu. Haionekani kwa macho, na kuchemsha hakuiondoi. Mwaka 2016 iliua watu Dodoma na Manyara, na yale yalikuwa mahindi. Karanga chagua nzima zisizo na ukungu, twanga kidogo kidogo, changanya siku ya kupika.

Baada ya miezi miwili hivi utepe wa mjukuu ukaingia kijani. Bibi akawa mwalimu wangu wa kila Jumatano. Akisema yeye, wakwe zake hawabishi. Nauli ya daladala nilikuwa nalipa mwenyewe muda wote huo, sijui hata ilifika ngapi.

Kwenye usaili wa ajira waliniuliza nitaelimishaje jamii. Wenzangu nasikia walitaja sera. Mimi niliomba kijiko na glasi ya maji, nikawasimulia habari ya uji.

Barua ya kazi ilipotoka niliipeleka Mbagala kabla ya kwa mjomba. Bibi akaisoma yote, taratibu, akanirudishia.

"Kumbe wanakulipa," akasema, "na uji unaunguza."