Upepo ni bure, ngozi zinanunuliwa: siku moja maishani mwangu, Moroto

Saa 11 alfajiri niko macho, kwa sababu upepo bado umelala. Kazi yangu ni kutengeneza pampu za upepo zinazovuta maji visimani huku Karamoja, kaskazini mashariki mwa Uganda, na fundi anayepanda mnara upepo ukiwa umeshaamka anachezea uhai wake. Kwetu, kiangazi, upepo huanza kuchangamka jua likishapanda. Mpaka hapo mimi ninataka niwe nimeshuka.

Chai ya rangi, kiporo cha posho, yaani ugali, halafu napakia pikapu: kapi, miguu mitatu ya vyuma, kamba, spana mbili kubwa za mabomba, oili ya gia. Kitu cha mwisho ni kopo langu la mafuta. Ndani yake kuna vikombe vitatu vya ngozi nilivyoloweka usiku kucha. Kila kimoja ni kidogo, kinaingia kiganjani. Kijana anayenisaidia hulibeba kopo hilo mapajani njia nzima, maana nimemwambia likimwagika tunarudi nyumbani.

Wageni wakipita barabarani huipiga picha mitambo hii, kwa sababu ni mizuri kweli: mnara wa chuma, gurudumu la mapanga mengi, mkia nyuma, na mlima Moroto kwa mbali. Wengi wanadhani kazi yangu ni kupaka grisi na kuondoka. Siku kama hii ningetamani niwe na mmoja wao pembeni.

Saa 1 asubuhi tunafika. Ng'ombe wamefika kabla yetu, na mbuzi, na punda wenye jerikeni tupu mgongoni. Nagonga tangi, linalia kama ngoma. Tatizo nililopigiwa simu ni hili: gurudumu linazunguka, rodi, yaani vyuma virefu vilivyoungwa kutoka juu mpaka kwenye pampu chini kisimani, inapanda na kushuka vizuri, lakini maji hayatoki. Mzee mmoja ananiambia upepo wa mwaka huu hauna nguvu. Naweka sikio kwenye bomba. Upepo hauna kosa lolote.

Lakini kwanza napanda, maana ni sasa au kesho. Mita 12 juu. Navuta breki, nalifunga gurudumu kwa kamba, nafungua kifuniko cha gia. Oili imekuwa nyeusi, nabadilisha. Nakagua bawaba ya mkia, na hiyo siichukulii kirahisi hata siku moja. Upepo ukizidi, mkia hujikunja na gurudumu hugeuka ubavu, upepo ukapita bila kulishika sana. Bawaba ikishika kutu, mkia haukunjiki, na dhoruba moja inatosha kuyang'oa mapanga. Upepo ukiongeza mwendo mara mbili, nguvu yake huongezeka mara nane. Ndiyo maana mtambo uliotulia asubuhi unaweza kuvunjika mchana.

Mapanga ni 18. Vijana huniuliza kwa nini mengi hivyo, wakati mitambo ya umeme waliyoiona kwenye simu ina matatu tu. Matatu yanakimbia sana, na jenereta inataka mbio. Pampu haitaki mbio. Inataka msuli wa kuinyanyua rodi na maji yaliyo juu yake tangu mzunguko wa kwanza, hata upepo ukiwa mdogo. Mapanga mengi huzunguka polepole lakini yanavuta kwa nguvu.

Saa 2 niko chini, tayari kwa kazi yenyewe. Hapo ndipo siku ilipokwama.

Kamati ya maji ya pale ina mtunza hazina, mzee wa heshima, aliyejifunza Kiswahili akiuza mifugo kwa Waturkana ng'ambo ya mpaka. Mimi nilizaliwa nacho, baba alikuwa askari hapa Moroto na kambini ndiyo ilikuwa lugha yetu. Kwa hiyo tulielewana maneno. Mengine yote hatukuelewana.

"Fundi, huu upepo nani anauuza?"

"Hauuzwi, mzee wangu."

"Na maji yaliyo chini ni ya nani?"

"Ni yenu."

"Basi wewe unalipisha nini?"

Nikamwonyesha kopo. Nikamweleza kwamba chini kabisa, mita 57, kuna silinda, na ndani ya silinda kuna pistoni iliyovalishwa ngozi hizi. Ngozi ndizo zinazoziba ili maji yanyanyuke yasirudi. Zinasuguliwa kila rodi inapopanda, mchana na usiku, na lazima ziishe. Akanisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema pampu ya dizeli alipwe mwenye dizeli, hiyo anaielewa, lakini pampu ya upepo waliambiwa siku inajengwa kwamba ni ya bure, na watu wake wanachanga shilingi 1,000 kwa mwezi bila kujua za nini.

Hapo sikuwa na la kumjibu haraka, maana ni kweli waliambiwa hivyo. Nimeyasikia maneno hayo kwenye visima vingi. Anayeleta mtambo husema upepo ni bure, watu wanapiga makofi, anaondoka. Hakuna anayewaambia kuhusu ngozi.

Tulibishana mpaka jua likawa kali. Alipokubali, kumbe sanduku la pesa lina kufuli tatu na funguo ziko kwa watu watatu. Wa kwanza ni yeye. Wa pili, mama mmoja, alikuwepo na jerikeni zake tangu usiku. Wa tatu alikuwa amekwenda kwenye machimbo ya dhahabu, Rupa. Bodaboda akatumwa. Nikamwomba mzee tuanze kutoa rodi wakati tunangoja. Akakataa: pesa kwanza ihesabiwe mbele ya watu, ndiyo sheria yao. Nikakaa chini ya mnara. Upepo ukaamka, mapanga yakawa yanatetemeka kwenye breki, ng'ombe wanalia, watoto wananitazama kana kwamba mimi ndiye niliyeyafunga maji. Nimefanya kazi kwenye jua la kila namna, lakini kukaa bure mbele ya mifugo yenye kiu kunachosha kuliko kunyanyua chuma.

Saa 6 mchana ilikuwa imepita ufunguo ulipofika.

Tukaanza. Rodi 19, kila moja mita 3. Unasimamisha miguu mitatu juu ya kisima, unapitisha kamba kwenye kapi, watu sita wanavuta, mimi na kijana tunabana kwa spana, tunafungua, tunalaza rodi chini, tunashika inayofuata. Spana ikiteleza, rodi zote zilizobaki zinazama kisimani, na huo ni mwisho wa kisima pengine. Nahesabu kwa sauti ili mtu asilegeze mkono. Kufika rodi ya kumi vidole havifungi tena vizuri.

Zilikuja nyepesi kupita kiasi, na wepesi huo ukanithibitishia. Ngozi zikiwa nzima, ukivuta pistoni unavuta na maji yaliyo juu yake. Sisi tulikuwa tunavuta chuma kitupu.

Pistoni ilipotoka nikaiweka juu ya gunia, watu wakazunguka. Ngozi mbili zilikuwa nyembamba kama jani la muhindi lililokauka. Ya tatu haikuwa ngozi. Aliyefungua pampu hii kabla yangu alikata mpira wa ndani wa tairi, akaufunga kwa waya, akachukua pesa zake akaenda. Waya ulikuwa umechora mstari ndani ya silinda, nilipomulika tochi niliuona. Nilikasirika sana. Kazi hii ukiidanganya, hakuna atakayeona kwa miezi, mpaka maji yakatike wakati wa kiangazi.

Nikavalisha ngozi zangu, bado zinateleza kwa mafuta, nikakaza nati kwa mkono kwanza. Rodi 19 zikarudi chini.

Kijana mmoja wa pale, aliyewahi kufika Lodwar, akaniuliza kwa nini hatujengi kama kule Loiyangalani, Kenya. Swali zuri. Mitambo ya umeme wa upepo ya kule ni 365 na inatoa megawati 310, kwenye bonde ambalo upepo wake una nguvu ya ajabu. Uganda umeme wetu mkubwa unatoka mto Nile, tangu bwawa la Jinja la 1954 mpaka Karuma ya megawati 600. Huku upepo wetu ni wa wastani. Lakini wa wastani unatosha kunyanyua maji, na kwa ng'ombe hawa hilo ndilo la leo.

Saa ngapi tulifungua breki sijui, jua lilikuwa limeshaelekea magharibi. Gurudumu likachukua upepo. Rodi ikapanda, ikashuka, na bomba likakaa kimya. Dakika kumi hivi hakuna aliyesema neno. Kisha bomba likakohoa, yakatoka maji ya rangi ya kutu, halafu meupe. Akina mama wakapanga jerikeni. Kwa upepo ule jerikeni ya lita 20 ilijaa kwa dakika tatu hivi, moja baada ya nyingine, na birika la mifugo likafunguliwa mwisho.

Mtunza hazina akanilipa, akahesabu mara mbili. Nilipotaka kuzitupa ngozi kuukuu akanizuia.

"Nipe hizo, fundi. Na mpira huo. Mkutano ni Jumapili, nitawaonyesha."

Akazifunga kwenye ncha ya shuka lake.

Nyumbani nimefika saa 3 usiku. Mikono haiwezi kushika kijiko vizuri, nimekula kwa vidole viwili. Kabla ya kulala nimefungua kopo, nikaweka ngozi tatu nyingine kwenye mafuta. Kuna kisima kingine kesho, upande wa Nadunget, na wamesema gurudumu linazunguka lakini maji hayatoki.