Kutoa tezi ya thaimasi kwa matundu madogo: ninavyofanya

Jaribio la kitabibu la MGTX la mwaka 2016, lililoonyesha kwamba kutoa thaimasi, tezi ya kinga iliyo nyuma ya kidari, huwasaidia wagonjwa wa miasthenia gravisi (ugonjwa wa kinga unaolegeza misuli) wasio na uvimbe wa tezi hiyo, lilifanywa kwa kupasua mfupa wa kidari. Kwa hiyo anayepitia matundu analazimika kutoa tezi pamoja na mafuta yote yanayoizunguka, kama angefungua kifua. Kovu dogo si kisingizio cha kubakiza tishu.

Mgonjwa anayepaliwa na mate simpeleki mezani. Kwanza atibiwe kwa imunoglobulini (kingamwili) ya mshipani au abadilishiwe plazma, yaani maji ya damu. Dawa za kulegeza misuli hutolewa kwa kipimo kidogo, kipima neva kikiwa kimefungwa mkononi mwa mgonjwa, maana kwake kipimo cha kawaida huzidi.

Namlaza chali, mto chini ya bega la kulia, kifua kiinuke nyuzi 30. Pafu la kulia linazimwa, yaani halipelekewi hewa. Matundu ni matatu, na gesi ya kaboni dayoksaidi naiweka kwenye shinikizo la milimita 8 za zebaki: inausogeza moyo na kupanua nafasi nyuma ya kidari. Presha ya damu ikishuka ghafla, toa gesi kwanza, ndipo utafute sababu nyingine.

Naanzia chini, mbele ya neva ya freniki, inayoendesha kiwambo (msuli wa kupumulia), nikiiachia kama sentimita moja. Karibu nayo situmii umeme kabisa, nakata kwa mkasi. Joto likiifikia, nusu ya kiwambo inalala, na mgonjwa huyu hana nguvu za akiba za kupumua.

Mafuta nayabandua juu ya utando wa moyo kuelekea shingoni. Hapo ndipo penye hatari. Fuata vena kuu ya juu hadi pale vena ya brakiosefali ya kushoto, inayoleta damu ya kichwa na mkono, inapoingia, kisha tembea juu ya vena hiyo taratibu. Utaona vinyuzi vya samawati, mara nyingi viwili au vitatu, vikitoka kwenye tezi. Ukivuta tezi kwa nguvu, vinang'oka kwenye shina na kuacha tundu. Klipu mbili upande wa vena, moja upande wa tezi, kata katikati. Kikichanika, kandamiza kwa chachi dakika tano bila kuchungulia. Usibane klipu ndani ya dimbwi la damu. Msumeno wa kidari uwe chumbani tangu mwanzo.

Pembe mbili za juu za tezi zivute polepole hadi ncha nyembamba ionekane. Ikikatika njiani, kipande kinabaki shingoni. Neva ya freniki ya kushoto haionekani vizuri kutoka kulia, hivyo nafungua utando wa pafu la kushoto na kuitafuta kwa kamera kabla ya kugusa mafuta ya upande huo.

Kama kuna uvimbe, shika mafuta, usiushike wenyewe: gamba likipasuka, seli humwagika kifuani. Utoke ndani ya mfuko. Ukiwa umeshikamana na mishipa mikubwa, nafungua kidari bila kusita.

Mrija wa kupumulia hautoki mpaka mgonjwa ainue kichwa sekunde tano.