Nilivyoipanga Vim ijongeze mistari yenyewe bila kuvuruga mafaili

Katika Vim, programu ya kuhariri matini, upana ambao Tab huonekana nao na kiasi ambacho mstari husogezwa ni mambo mawili tofauti. La kwanza ni `tabstop`, la pili ni `shiftwidth`, na yote mawili huja yakiwa 8. Wengi hubadilisha `tabstop` peke yake kuwa 4. Kwao msimbo unapendeza, lakini faili hilohilo likifunguliwa pengine penye 8, mistari yenye Tab na yenye nafasi tupu inapishana. Ndiyo maana `tabstop` sijaigusa. Kwenye `~/.vimrc`, faili la mipangilio ya Vim, nimeweka haya tu:

```
filetype plugin indent on
set autoindent expandtab
set shiftwidth=4 softtabstop=-1
```

Mstari wa kwanza huwasha kanuni za kila lugha zinazokuja na Vim, `autoindent` huanzisha mstari mpya kwa ujongezaji wa uliotangulia, na `expandtab` huandika nafasi kila nikibonyeza Tab. Ile `-1` huifanya `softtabstop` ifuate `shiftwidth` popote iendako, kwa hiyo nabadilisha namba moja badala ya mbili, na kitufe cha kufuta huondoa hatua nzima ya ujongezaji.

`smartindent`, chaguo jingine la kujongeza mistari yenyewe, nimeiacha nje makusudi. Katika faili lisilo na kanuni zake za kujongeza, ukianza mstari mpya kwa `#`, alama hiyo hurushwa hadi ukingo wa kushoto kwa kudhaniwa ni agizo la lugha ya C. Kwenye faili la mipangilio, ambako `#` ni maoni, inaudhi kwelikweli.

Tofauti za lugha nazipeleka `~/.vim/after/ftplugin/`, faili moja kwa kila lugha. Folda ya `after` husomwa baada ya kanuni zinazokuja na Vim, hivyo neno la mwisho ni langu. `javascript.vim` ina mstari mmoja: `setlocal shiftwidth=2`. Iwe `setlocal`, si `set`. Ukiandika `set`, hizo 2 zitahamia mafaili mengine utakayofungua baadaye. Kwa C ninayo hii:

```
setlocal cinoptions=:0,(0
```

`:0` huweka `case` usawa mmoja na `switch`, bila kuisogeza. `(0` hupanga mwendelezo wa hoja za fanksheni chini ya herufi ya kwanza iliyo baada ya mabano yaliyofunguliwa, badala ya kuusukuma hatua mbili kama kawaida yake.

Makefile, faili la maagizo ya programu ya `make`, haihitaji kitu, kwani kanuni zilizokuja na Vim tayari huzima `expandtab` humo. Ukiona `make` ikitoa kosa la `missing separator`, mara nyingi ni nafasi zimeingia mahali pa Tab; Ctrl-V kisha Tab huandika Tab halisi, na `:set list` huonyesha kilichopo.

Namba ikikataa kubadilika, usibahatishe. Andika:

```
:verbose set shiftwidth?
```

Utapewa thamani iliyopo na faili lililoiweka mara ya mwisho. Kwa Python utakuta kanuni za Vim zenyewe ndizo zimeweka 4.

Mafaili ya zamani nayapanga kwa `gg=G`, ila si Python: humo ujongezaji ndio maana ya msimbo, na Vim haiwezi kujua kizuizi ulikusudia kiishie wapi. `:retab`, inayogeuza Tab kuwa nafasi, nayo ina kasoro yake, hugeuza hata Tab zilizo ndani ya matini yenye alama za nukuu. Mabadiliko haya yawe kwenye komiti (commit) yake peke yake ya Git, na anayekagua atumie `git diff -w`.

Mradi wa watu wengi unahitaji `.editorconfig`, faili la mipangilio linalosomwa na programu mbalimbali za kuhariri, kwenye folda kuu, maana si wote wanatumia Vim:

```
root = true
[*]
indent_style = space
indent_size = 4
[Makefile]
indent_style = tab
```

Neovim, programu iliyotokana na Vim, hulisoma yenyewe tangu toleo 0.9. Kwa Vim 9.1, ongeza `packadd! editorconfig` kwenye `~/.vimrc`.