Embe Lisilo na Nyuzi

Bibi aliacha kula maembe mwaka ule ule macho yake yalipoanza kuingia ukungu. Meno yalikuwa yamebaki mawili, yote ya chini, na nyuzi za embe zilikuwa zikimnasa kwenye fizi mpaka machozi yanamtoka. Kwa mtu wa Tabora hilo si jambo dogo. Ikifika Desemba mji wetu unanuka maembe kuanzia stesheni mpaka Cheyo. Yamejaa kwenye ndoo, yamepondeka barabarani, na usiku yanadondokea mabati mpaka mgeni adhani nyumba inapigwa mawe. Wazee husimulia kwamba miembe hii ililetwa na misafara ya pwani, ile iliyokuwa ikipita hapa kwenda Ujiji. Mwembe wetu uko nyuma ya jiko. Bibi alikuwa akitandika mkeka chini yake, anasikia embe likianguka, analipapasa, analifuta kwa upande wa kanga, anampa mtoto aliye karibu. Yeye mwenyewe haonji.

Desemba 2015 nilirudi likizo kutoka Dar es Salaam nikiwa na maboksi mawili ya jelatini, kipimajoto cha kupikia na daftari nililonakilia namna ya kutengeneza mashimelo ya matunda. Mashimelo nilikuwa nimeyala siku moja tu, kwenye sherehe ya mtoto wa mama mwenye nyumba wangu: vipande vyeupe na vya waridi, vyepesi kama pamba, ukikiweka kimoja ulimini kinayeyuka chenyewe, meno hayana kazi. Cha kwanza kilikuwa bado kiko mdomoni nilipomkumbuka Bibi.

Jioni niliyofika nilimpa boksi alishike. Akalitikisa karibu na sikio.

"Unga gani huu, mke mwenza?"

"Jelatini, Bibi. Ndiyo inayogandisha."

"Inatokana na nini?"

"Ngozi na mifupa. Inachemshwa mpaka itoe ule ute wake."

Akanirudishia boksi upesi. "Mnyama gani?"

Swali hilo nilikuwa nimejiandaa nalo. Jelatini nyingine hutokana na nguruwe, kwa hiyo Kariakoo nilizunguka maduka matatu, na boksi lisilotaja mnyama sikulinunua. Nikamsomea: ng'ombe, halali. Akaniambia nisome tena. Nikasoma tena.

"Haya. Na hicho chakula chenyewe kinaitwaje?"

Nikamwambia, na nikamweleza kwamba jina ni la mmea wa Ulaya unaoota kwenye majimaji. Mizizi yake inatoa ute, na katika karne ya 19 watengeneza peremende wa Ufaransa walikuwa wakiuchapa ute huo pamoja na sukari na ute wa yai, kabla jelatini haijachukua nafasi yake.

"Kumbe mlenda," akasema Bibi.

Nilicheka. Miaka kadhaa baadaye nilikuja kusoma kwamba mmea ule na bamia ni wa ukoo mmoja.

Sikutaka kujifunzia kwenye embe lake, kwa hiyo nilianza na nanasi. Nililikamua bichi, ladha isipotee, nikaloweka jelatini humo kama daftari lilivyoagiza. Ilitakiwa inyonye na kuvimba iwe kama tonge la uji ulioganda. Haikuvimba sawasawa, ilibaki majimaji, nami nikajifariji kwamba shira ya moto itaiweka sawa. Nikamimina shira, nikachapa, povu likapanda kiasi, nikalitandaza kwenye sinia nikaenda kulala. Asubuhi sinia lilikuwa na uji mtamu wenye mapovu pembeni, na sisimizi walishafika.

Bibi alichovya kidole akalamba.

"Nanasi uliliivisha?"

"Hapana, Bibi. Nilitaka ladha ibaki."

"Nyama ya ng'ombe mzee tunaipaka nini kabla ya kuipika?"

"Papai bichi."

"Ili iweje?"

"Ilainike."

"Na hiyo jelatini umeniambia ni ya nini?"

Nilibaki nimesimama na sinia mkononi. Nilikuwa nimefundishwa darasani kwamba papai lina papaini na nanasi lina bromelini, vimeng'enya vinavyokatakata protini. Nimeviandika kwenye mtihani na nikapata alama. Lakini sikuwahi kuvileta jikoni kwetu. Nanasi bichi lilikuwa limeitafuna jelatini yangu usiku kucha kama papai linavyotafuna nyama. Lingechemshwa kwanza, kimeng'enya kingekufa na kazi ingeenda.

Nilikuwa nimebakiwa na boksi moja na robo.

Kwa embe nilikwenda taratibu. Niliokota ya mti wetu, yale yaliyoiva mpaka harufu inakupokea mlangoni. Nikayamenya, nikayaponda kwa mwiko, nikayapitisha kwenye chujio la waya mara mbili. Nyuzi zilibaki juu ya chujio, ndefu, za njano, kama nywele za hindi bichi. Nikazikusanya kwenye kiganja, zilijaa ngumi. Nilizitazama kwa muda, nikifikiria kwamba ni hizi tu zilizomtenga mtu na mti wake mwenyewe. Kilichopita chini kilikuwa laini kama uji wa mtoto. Nikakipika kwa moto mdogo mpaka vikombe viwili vikawa kimoja, nikakiacha kipoe kabisa, kisha nikaloweka jelatini vijiko vitatu vya chakula kwenye nusu yake. Safari hii ilivimba.

Daftari lilitaka shira ya glukosi, na Tabora yote sikuipata. Nikatumia asali, na hapa nilijiona mwenye bahati, kwani ukikosa asali Tabora basi hujaitafuta. Ile ya misitu ya miombo, nyekundu nyekundu, yenye harufu ya moshi kidogo. Asali ina glukosi na fruktosi, na hizo zinaizuia sukari isirudi kuwa chengachenga inapopoa. Bibi kwenye kashata zake alikuwa akikamulia ndimu kwa sababu hiyo hiyo. Vikombe viwili vya sukari, vijiko vinne vya asali, maji nusu kikombe, jiko la mkaa, na kipimajoto ukingoni mwa sufuria. Daftari lilisema digrii 116. Nikasubiri 116. Kutoka 112 kwenda juu ilichukua muda mrefu na rangi ikawa inakoza, lakini nilishikilia, maana nilikuwa na kipimo na nilikiamini.

Yaliganda vizuri. Nilipoyakata yalikuwa yanavutika kama raba ya manati. Bibi alijaribu kipande, akakizungusha mdomoni, akakitoa akakishika kwa adabu ndani ya leso.

"Harufu ni yenyewe," akasema. "Lakini umeipitisha."

"Nimeitoa pale pale palipoandikwa, Bibi."

Hakunijibu. Na mimi, niseme ukweli, nilikasirika. Niliosha vyombo kwa kishindo.

Hapa lazima nieleze Bibi alikuwa nani. Kwa miaka mingi, kabla baba hajapata kazi, nyumba yetu ililishwa na kashata za karanga. Treni ya kutoka Dar ikifika Tabora mabehewa yanakatwa, mengine yaende Kigoma, mengine Mwanza, na muda ule wa kukata na kuunga ndio uliokuwa wa biashara yake, usiku au mchana, na sinia kichwani. Kashata ikipitishwa moto inavunja meno, na abiria hanunui tena. Ikitolewa mapema inabaki laini, inashikana yote kwenye karatasi. Alifanya kazi hiyo bila kipimajoto na bila daftari. Mimi hayo nilikuwa nayajua tangu utotoni, lakini nilikuwa nayaweka kwenye fungu la hadithi.

Siku ya tatu nilikuwa na jelatini ya mara moja tu, na mashine ya kuchapia niliyoiazima kwa jirani mpika keki, aliyeitaka irudi kabla ya alasiri kwa sababu alikuwa na keki ya harusi. Nilipoinjika sufuria Bibi alikuja, akavuta kigoda, akakaa upande wa jiko usio na moshi. Akaagiza bakuli la maji baridi ya mtungini. Kisha akanyamaza, kichwa amekiinamisha, kama mtu anayesikiliza redio ya jirani.

Mwanzoni shira ilikuwa inatoa mapovu madogo mengi, yanapasuka haraka haraka kama mvua ya rasharasha kwenye bati. "Hayo ni maji," akasema Bibi. "Maji ndiyo yanapiga kelele. Yaache yatoke." Baada ya dakika kama kumi sauti ikaanza kupungua. Mapovu yakawa makubwa, yanapanda kwa uvivu, yanapasuka kwa mlio mzito. Macho yake hayakuwa yakiona hata sufuria ilipo, lakini mkono ukanyooka. "Nidondoshee."

Nikachota kwa ncha ya kijiko, nikadondosha kwenye bakuli. Akaingiza vidole, akapapasa chini. "Imeyeyuka. Bado." Tukangoja. Tone la pili lilikusanyika kidogo, likateleza kati ya vidole vyake. "Inakuja." La tatu akalizungushazungusha kati ya kidole gumba na cha shahada mpaka likawa gololi, akalibonyeza, likabonyea bila kukatika. Akaushika mkono wangu, akaniwekea gololi kwenye kiganja, kisha akakishika kidole changu, akanibonyezesha mwenyewe. Ilikuwa laini kama ndewe ya sikio.

"Toa."

Nikatazama kipimajoto. 112.

"Bibi, bado digrii nne."

"Toa, mwanangu."

Nikatoa. Nikamimina shira kwa uzi mwembamba juu ya jelatini ya embe, mashine inazunguka, na harufu iliyopanda hapo, ya embe na asali iliyopata moto, iliwaleta watoto wa nyumba tatu mlangoni. Dakika ya tatu mchanganyiko ulikuwa bado mzito wa rangi ya chungwa. Dakika ya nane ulikuwa umefika rangi ya siagi na umepanda mara mbili. Ya kumi na mbili, nilipoinua mchapo, utepe ulianguka polepole ukakaa juu ya mwenzake bila kuzama. Mama alikuwa ameshanyunyizia sinia konfulawa na sukari ya unga, nusu kwa nusu, maana Desemba ni mvua na mashimelo hunyonya unyevu wa hewani yakaanza kutoa jasho. Tulimimina, tukafunika kwa kawa, mashine ikarudi kwa mwenyewe adhana ya alasiri ikiwa bado.

Usiku sikulala vizuri. Alfajiri, kabla sijafunua sinia, niliinjika sufuria ya maji matupu nikatumbukiza kipimajoto. Sijui kwa nini sikufanya hivyo siku ya kwanza. Maji yalichemka, yakatokota, mvuke ukajaa jiko, na kipimo kikasimama kwenye 96. Nikachochea mkaa. Kikabaki 96.

Tabora iko kiasi cha meta 1,200 juu ya usawa wa bahari. Hewa ya juu ni nyepesi, maji yanachemka kabla ya kufika 100, na shira nayo inafika ukomo wake mapema kwa digrii zile zile nne. Aliyeandika namna ile aliandikia watu wa usawa wa bahari. Huku kwetu, nilipokuwa nikingoja 116, nilikuwa naendelea kufukuza maji ambayo mashimelo yanayahitaji ili yawe laini.

Nilimkuta Bibi ameshaswali, amekaa kwenye mkeka wake chini ya mwembe. Ardhi ilikuwa imelowa mvua ya usiku na maembe mawili matatu yalikuwa yamelala karibu na miguu yake.

"Shikamoo Bibi."

"Marahaba. Imekubali?"

Sikumjibu. Nilikuwa nimekata kipande cha kwanza kwa kisu kilichopakwa mafuta, nikakigaragaza kwenye unga kisinate. Nikamwekea kiganjani. Akakibonyeza, kikarudi. Akakinusa. Akakiweka mdomoni na kufunga midomo, na sikuona taya likisogea hata mara moja. Mashavu tu yaliingia ndani kidogo, kama ya mtoto anayenyonya. Alikaa hivyo kwa muda mrefu. Embe lingine likadondoka nyuma yetu, na hakugeuka.

"Hili si la sokoni," akasema mwishowe.

"Si la sokoni, Bibi."

"La mti huu."

"La mti huu."

"Tawi la upande wa kisimani. Yale ya upande wa jiko yana uchachu."

Nilikuwa nimeyaokota upande wa kisimani. Hakuna aliyemwambia.

Akapangusa unga kwenye vidole kwa pindo la kanga, kisha akanyoosha tena mkono, kiganja kikiwa juu.