Mkono wa Ash: Hofu au Kicheko?

Kila tunapokutana marafiki wapenzi wa filamu, ubishi hurejea palepale: je, Evil Dead II, aliyoiongoza Sam Raimi mwaka 1987, ni filamu ya kutisha au ni kichekesho? Mimi nashikilia kuwa ni vyote viwili kwa pamoja, kwa sababu Ash, anayeigizwa na Bruce Campbell, anapovunjiwa sahani kichwani na mkono wake mwenyewe uliopagawa, kisha anapoukata kwa msumeno wa mashine, mtazamaji hucheka huku nywele zimemsimama.

Rafiki yangu mmoja huipenda zaidi ile ya kwanza ya mwaka 1981, iliyorekodiwa kwa fedha kidogo katika nyumba ya mbao msituni huko Tennessee, na hapo simpingi: kamera ile inayopita mbio katikati ya miti, kana kwamba ndiyo pepo mwenyewe, ingali inaninyima usingizi.