Ritifaa (') ya ng'ombe iliyomaliza kifurushi changu cha SMS

Mwezi Machi 2022, nikiwa katibu wa kikundi chetu cha wafugaji wa ng'ombe wa maziwa wilayani Rungwe, nilinunua kifurushi cha SMS 300 siku ya Jumatatu, nikatuma tangazo moja kwa wanachama wetu 84, na Jumatano usiku nilipotuma tangazo la pili kifurushi kikaishia njiani. Kwa hesabu ya mwalimu wa darasa la tatu, kazi niliyoifanya kwa miaka mingi kabla ya kustaafu, baada ya tangazo la kwanza nilipaswa kubakiwa na SMS 216. Nilikuwa nimebakiwa na 48.

Sikuligundua hilo usiku ule. Niliwachagua wanachama ishirini ishirini kwa kufuata daftari la kikundi, nikabonyeza kutuma, nikaiweka simu kwenye chaji na kulala. Asubuhi niliona alama ndogo nyekundu chini ya majina machache, nikadhani ni mtandao unaosumbua kama kawaida yake wakati wa mvua, na sikushuka chini ya orodha kuona kwamba alama hiyo ilikuwa imewafuata karibu wote waliobaki. Daftari letu hufuata alfabeti ya majina ya ukoo, na anayeijua Rungwe anajua maana yake: zaidi ya nusu ya wanachama wana majina yanayoanza na Mwa-. Waliopata tangazo ni watu 16 wa mwanzo. Akina Mwa- hawakupata chochote.

Tangazo lenyewe lilikuwa hili: "Ndugu mfugaji, chanjo ya ng'ombe ni Ijumaa saa 1 asubuhi katika kituo cha maziwa, si ofisi ya kijiji. Njoo na kadi na fedha ya dozi. Katibu." Chanjo ilikuwa ya ndigana kali, ugonjwa unaoenezwa na kupe na unaoua ndama wa kisasa kwa muda mfupi sana. Chanjo hiyo huhifadhiwa ndani ya naitrojeni ya kimiminika, katika mirija midogo ambayo kila mmoja wa ile tuliyoletewa ulikuwa na dozi 40, na mrija ukishayeyushwa na kuchanganywa hauwezi kurudishwa kwenye baridi. Ni lazima utumike ndani ya saa chache au umwagwe. Kwa sababu hiyo kwetu tangazo la mahali na saa ni sehemu ya chanjo, sawa na sindano yenyewe.

Ijumaa hiyo mtaalamu alifika kwa wakati, akayeyusha mrija kwa kuniamini mimi niliyemhakikishia kwamba watu wameshaarifiwa, kisha tukasubiri. Saa 2 na nusu simu zikaanza kuingia: "Mwalimu, tuko hapa ofisini na ndama, mbona hatumwoni daktari?" Kutoka ofisi ya kijiji hadi kituo cha maziwa ni zaidi ya kilomita nne, kwa mteremko ambao mwezi Machi huwa tope tupu, na ndama wa bandani hajazoea kutembea. Baadhi walifika wamelowa, baadhi walirudi nyumbani. Dozi 14 zilimwagwa mbele ya macho yangu, na gharama yake ikatoka kwenye mfuko wa kikundi. Mama mmoja, ambaye alikuwa miongoni mwa wale 16 na kwa hiyo ujumbe ulimfikia, alinionyesha simu yake ya kitochi ikiwa na maneno yanayokatika hivi: "saa 1 asubuhi katika kit". Hapo ndipo ujumbe wake ulipoishia. Alikuwa amekwenda ofisini kama ilivyokuwa desturi yetu, na hakuwa na kosa lolote.

Jioni ile nilipiga 100, namba ya huduma kwa wateja ya kampuni yangu ya simu. Binti aliyepokea alikuwa na adabu, akatazama kwenye mfumo na kuniambia kwamba SMS zote 300 zimetumika kihalali. Nikamwambia nimetuma tangazo moja kwa watu 84 na la pili likafika kwa watu 16, jumla ni 100. Akauliza, "Baba, ujumbe wako haukuzidi herufi 160?" Nikasema sidhani. Akanishauri nihesabu, kisha akanitakia jioni njema.

Nilihesabu kwa kalamu, kwenye daftari la mistari, kila herufi na kila nafasi na kila nukta katika kisanduku chake. Nilipata 140. Nikahesabu tena kutoka mwisho kwenda mwanzo: 140. Siku iliyofuata nilikwenda kwenye duka la huduma la kampuni hiyohiyo mjini Mbeya nikiwa na daftari langu, na kijana wa kaunta akakiri kwamba 140 ni ndogo kuliko 160, akaita mwenzake, mwenzake akasema huenda simu yangu ina virusi. Nilirudi kwetu Tukuyu na hasira ambayo sikuwa nimeisikia tangu siku za kudai nauli ya likizo.

Kisha nikakumbuka kwamba nina njia ya kujua ukweli bila kumtegemea mtu. Nilinunua kifurushi kidogo, nikawa natazama salio la SMS, natuma ujumbe mmoja kwa simu ya mke wangu, natazama salio tena. Tangazo la ada la mwezi Januari, ambalo lilikuwa refu kuliko la chanjo, lilikata SMS moja. Tangazo la chanjo lilikata tatu, na la Jumatatu vivyo hivyo. Kumbe ndiyo siri ya hesabu: 84 mara tatu ni 252, zikabaki 48, na 48 kwa tatu ni watu 16. Kampuni haikunidanganya kuhusu idadi. Swali likawa ni kwa nini ujumbe mmoja mfupi uhesabiwe kuwa mitatu.

Nilianza kuondoa maneno. Nikatoa "Ndugu mfugaji", nikafupisha mwisho, nikaondoa tarakimu 1, na bado ukakata zaidi ya moja. Nikaweka "mifugo" mahali pa "ng'ombe": ukakata moja. Nikarudisha "ng'ombe" kwa kuliandika kwa vidole vyangu palepale kwenye simu, nikitarajia zirudi tatu, lakini ukakata moja tu. Hilo lilinichanganya kabisa, kwa sababu neno ni lilelile na ritifaa yake, ile alama ya juu kati ya g na o, ni ileile kwa macho yangu, lakini ng'ombe wa kwenye simu alikuwa na bei moja na ng'ombe wa kwenye tangazo la asili alikuwa na bei nyingine. Tofauti pekee niliyoweza kuifikiria ni mahali maneno yalipozaliwa. Tangu mwezi Februari, baada ya kikundi kununua kompyuta, nilikuwa naandika matangazo huko ili yabaki kwenye kumbukumbu, najitumia kwa WhatsApp, kisha nayanakili na kuyabandika kwenye SMS. Kabla ya hapo nilikuwa nayaandika moja kwa moja kwenye simu, na kifurushi hakikuwahi kunishinda.

Nilikwenda kwa fundi simu mmoja pale stendi ya Tukuyu ambaye nilimfundisha kusoma. "Shikamoo Mwalimu," akaniambia, nami nikampa kazi kabla hata ya kukaa. Alichukua neno kutoka kwenye tangazo na neno nililoliandika kwa vidole, akayabandika pamoja kwenye kompyuta yake na kuyakuza mpaka herufi moja ikawa na ukubwa wa kiganja. Hapo nikaona. Ritifaa moja ilikuwa imenyooka kama msumari. Nyingine ilikuwa na kichwa na mkia uliopinda, kama tarakimu 9 ndogo iliyojazwa wino. Programu ya kuandikia kwenye kompyuta huigeuza ritifaa iliyonyooka kuwa iliyopinda bila kumuuliza mwandishi, kwa sababu kwenye kurasa za vitabu hiyo ndiyo inayopendeza.

Maelezo yaliyobaki nayaandika kwa urefu kwa sababu sikuyapata kwa mtoa huduma yeyote, na ninaamini makatibu wengi wa vikundi, walimu wakuu na wahasibu wa upatu wanayahitaji. Ujumbe mmoja wa SMS una nafasi ya biti 1,120 (biti ni kipimo kidogo kabisa cha data), wala haiongezeki. Viwango hivyo vilipangwa Ulaya katika miaka ya 1980; mhandisi Mjerumani Friedhelm Hillebrand alihesabu herufi za sentensi za kawaida kwa mashine ya kuchapa na kuona kwamba 160 zinatosha kusema jambo. Kila herufi ya orodha ya kawaida huchukua biti 7, na 160 mara 7 ni 1,120. Katika orodha hiyo zimo herufi zote tunazozitumia katika Kiswahili, tarakimu, alama za kawaida za uandishi, na hata herufi za watu wa Skandinavia kama å na ø, na baadhi ya herufi kubwa za Kigiriki. Ritifaa iliyonyooka imo. Iliyopinda haimo.

Simu nyingi zikikuta alama hata moja isiyokuwamo, haziibadilishi wala hazikuonyi. Huuhamisha ujumbe wote, kuanzia herufi ya kwanza mpaka ya mwisho, kwenye mfumo mwingine ambao kila herufi huchukua biti 16. Gawanya 1,120 kwa 16 upate 70. Ujumbe ukizidi hapo hukatwa vipande, na kila kipande hutoa sehemu ya nafasi yake kubeba namba ya kuvipanga upya vikifika, ndipo zinabaki herufi 67 kwa kipande. Nilirudi kwenye daftari langu la visanduku nikapiga mstari baada ya herufi ya 67, na mstari ukaangukia hasa baada ya "kit", palepale simu ya yule mama ilipokatikia. Mstari wa pili ukaangukia ndani ya neno la mwisho. SMS ya tatu, tuliyoilipia mara 84 kwenye tangazo lililotangulia na mara 16 kwenye hili, katika tangazo la chanjo ilibeba maneno haya tu: "atibu."

Niliandika barua kwa kampuni nikiambatanisha hesabu zote, na nakala nikaiweka, kwa kuwa utaratibu wa TCRA, yaani Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, ni mlalamikaji aanze kwa mtoa huduma wake kabla ya kwenda kwenye mamlaka. Niliomba mambo mawili: tangazo la kifurushi lieleze wazi SMS moja ni nini, na SMS 168 zilizozidi katika tangazo la kwanza zirudishwe. Baada ya wiki mbili nilipigiwa simu na kuambiwa kwamba vipande vyote vilisafirishwa, kwa hiyo hakuna cha kurudisha, na kwamba suala la maelezo litafikishwa panapohusika. Sijaridhika na jibu hilo. Ni kweli vipande vilisafirishwa, lakini muuza maziwa akitangaza bei ya lita, analazimika kumwambia mnunuzi kipimo chake ni kipi, na sisi wafugaji tusingeruhusiwa kufanya vinginevyo.

Kwenye kikao cha kikundi nililieleza jambo lote, na mwenyekiti wetu, mtu ninayemheshimu sana, akapendekeza kwamba tangu sasa niandike "ngombe" bila ritifaa, kwa kuwa kila mtu ataelewa. Nilikataa, na nilikataa kwa moyo wote. Ng' si pambo. Ni sauti kamili ya lugha yetu, na nimesimama ubaoni miaka mingi nikiwaonyesha watoto kwamba kung'oa ni kitendo na ngoa ni wivu. Sikuwa tayari kuwafundisha wazazi wao kinyume chake ili tu tuokoe kifurushi, hasa baada ya kugundua kwamba Kiswahili sahihi, kilichoandikwa kwa alama yake ya kawaida, kinaenea katika SMS moja bila taabu. Mwenyekiti alinisikiliza, akakubali.

Ninavyofanya sasa si kazi kubwa. Kwenye kompyuta nimeizima ile huduma ya kugeuza alama. Kwenye simu, kitufe cha ritifaa nikikibonyeza kwa muda hunionyesha maumbo yake yote, nami huchagua lililonyooka. Naepuka vikatuni vya uso, kistari kirefu na zile nukta tatu zinazoungana kuwa alama moja, kwa sababu nazo huuhamisha ujumbe. Mabano ya mraba nayaacha pia, maana hayauhamishi lakini kila moja huhesabiwa kama herufi mbili. Kabla ya kutuma kwa wote, namtumia mke wangu kwanza na kutazama salio limepungua kwa ngapi. Nimewasha pia taarifa ya kufikishwa, kwa kuwa neno "umetumwa" humaanisha tu kwamba ujumbe umetoka kwenye simu yangu na kupokelewa na kituo cha kampuni, ambacho huushikilia mpaka simu ya mwenzangu ipatikane, na kama haikupatikana kwa muda uliowekwa huufuta. Watu wawili watatu wasiothibitishwa nawapigia.

Kundi la WhatsApp tunalo, lakini wanachama 31 wanatumia vitochi, na hao ndio wenye ndama wengi.

Chanjo iliyofuata ilikuwa mwezi Septemba. Nilinunua kifurushi, nikaandika "ng'ombe" mara mbili katika tangazo moja la herufi 156, nikatuma kuanzia A mpaka akina Mwa- wote, kisha nikauliza salio. Zilikuwa zimekatwa 84.