Hati ya kimila ya kikundi: jinsi msitu wa Wahadzabe unavyolindwa, na pale unapovuja

Wahadzabe, wawindaji na wakusanyaji chakula wa Ziwa Eyasi, wakitajwa, mazungumzo huishia kwenye pinde, asali na watalii wa asubuhi. Shida yao kubwa ya mazingira haina mvuto huo: ardhi inamegwa. Upande wa Mang'ola, wilayani Karatu, chemchemi zimevuta kilimo cha vitunguu cha umwagiliaji. Upande wa Yaeda Chini, wilayani Mbulu, kiangazi kikikaza ng'ombe huingizwa bondeni, hunywa kwenye visima vya mchangani, na migunga hukatwa kuzungushia maboma. Palipo na ng'ombe, mbwa na kelele, mnyama wa porini haji kunywa.

Halafu kuna udanganyifu wa mbuyu. Mkulima anayefyeka shamba mara nyingi huuacha umesimama, na mpita njia hudhani mazingira yamehifadhiwa. Lakini nyuki waliomo tunduni hawaishi kwa mbuyu peke yake. Wanategemea maua ya migunga na vichaka vya jirani. Vikishafyekwa, nyuki wanahama, na mbuyu unabaki pambo.

Mwaka 2007 kampuni ya uwindaji yenye uhusiano na familia ya kifalme ya Umoja wa Falme za Kiarabu ilitaka bonde la Yaeda liwe kitalu chake. Kelele zilipozidi ikajitoa, ila somo likabaki: ardhi isiyo na karatasi, mgeni yeyote mwenye kibali anaweza kuigonga hodi. Mwaka 2011, kwa msaada wa shirika la Ujamaa Community Resource Team, Wahadzabe wakapata hati ya hakimiliki ya kimila kwa jina la jamii, zaidi ya hekta 20,000. Hati za namna hiyo hadi wakati huo zilizoeleka kutolewa kwa mtu mmoja au familia.

Njia yenyewe imo katika Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya 1999, na haina mkato. Kijiji lazima kwanza kiwe na cheti cha ardhi ya kijiji, na cheti hakitoki kama mpaka na kijiji jirani una mgogoro. Hapa ndipo kazi nyingi hukwama, wakati mwingine kwa miaka. Mpaka ulioandikwa "hadi korongo la mashariki" ni ugomvi uliohifadhiwa kwa ajili ya wajukuu, maana korongo huhama mvua kubwa ikipiga. Pimeni kwa GPS, wekeni vigingi, na wazee wa pande zote mbili watie saini siku hiyohiyo palepale mpakani, si wiki ijayo ofisini.

Kisha unafuata mpango wa matumizi bora ya ardhi: makazi, kilimo, malisho, na eneo la kuwinda na kukusanya chakula. Halmashauri ya kijiji haiwezi kugawa ardhi bila mkutano mkuu wa kijiji kuridhia kwanza. Kwa Wahadzabe kipengele hiki kinakata kuwili. Kinamzuia mwenyekiti kuuza pori kimyakimya, lakini palipo na Wairaqw na Wadatoga wengi kuliko wao, kura zinaweza kuwameza. Mkutano ukiitishwa makao makuu ya kijiji msimu wa asali, wenye pori hawatakuwepo, na muhtasari utasomeka kwamba wote waliridhia. Mkutano upelekwe kambini. Hakuna sheria inayokataza.

Shida ya tatu watu wa nje hawaioni. Ombi la hati linataka kikundi chenye viongozi wa kulisaini, ilhali Wahadzabe kwa desturi hawana mkubwa wa kuwasemea wengine. Ukiwalazimisha wachague mmoja, umewatengenezea mtu wa kuhongwa. Katiba ya kikundi iseme wazi kwamba hakuna saini moja wala mbili zinazoweza kubadili mipaka au kukodisha ardhi bila kikao cha kambi zote, wanawake wakiwemo. Sheria yenyewe inabatilisha mila yoyote inayomnyima mwanamke haki ya ardhi, kwa hiyo hilo si fadhila ya mtu.

Hati inapotoka, wamiliki wanasaini au kuweka dole gumba chini ya kila ukurasa, mwenyekiti na mtendaji wa kijiji wanasaini, na afisa ardhi wa wilaya anaisajili. Kagueni kila ukurasa kabla ya kuondoka. Nakala ya kijiji ikae kwenye masjala yenye kabati la chuma. Mchwa hawajali haki za binadamu.

Baada ya hapo inakuja doria, na hapo ndipo hati nyingi hugeuka pambo kama ule mbuyu. Sheria ndogo za kijiji huweka faini kwa anayeingiza mifugo, na kosa la kawaida ni kuipanga kwa kila tukio badala ya kila ng'ombe. Mwenye ng'ombe 200 atailipa akicheka, kwake hiyo ni bei ya malisho, tena rahisi. Faini ihesabiwe kwa kichwa na itolewe risiti. Maneno "wakati wa kiangazi" yaondolewe, yaandikwe majina ya miezi. Na kwa kuwa mfugaji naye ana ukame wa kweli, tumieni kifungu cha 11 cha Sheria ya Ardhi ya Vijiji: makubaliano ya pamoja kati ya vijiji yanayotaja njia ya mifugo na mahali pa kunywesha. Bila hayo, walinzi wa msitu watapigana na njaa ya watu wengine kila mwaka.

Walinzi hao hulipwa kutokana na mauzo ya hewa ukaa, yaani kaboni ambayo msitu unaizuia isiingie angani, kupitia mradi wa kampuni ya Carbon Tanzania uliothibitishwa kwa Plan Vivo, kiwango cha kimataifa cha miradi ya namna hiyo. Tuchukue namba za mfano tu. Hekta moja yenye tani 40 za miti, uzito ukihesabiwa bila maji, ina kaboni kama asilimia 47, yaani tani 18.8. Zidisha kwa 3.67 ili kugeuza kaboni kuwa hewa ukaa, unapata tani 69 za hewa ukaa. Haziuzwi zote. Kinachouzwa ni msitu ambao ungepotea kama kusingekuwa na mradi. Kama kila mwaka ingefyekwa asilimia moja ya hekta 20,000, hizo ni hekta 200, sawa na tani 13,800. Ondoa asilimia 20 ya akiba ya dharura, ambayo haiuzwi, zinabaki 11,040. Doria ikilegea hekta 100 zikafyekwa, tani 6,900 zimekwenda kabla hata hujatoa akiba.

Angalizo kwa wapimaji: mti hupimwa unene mita 1.3 kutoka ardhini, na mbuyu upimwe peke yake. Mti wake ni mwepesi, umejaa maji, mara nyingi una uwazi ndani. Ukiutia kwenye fomula ya migunga utapata tani ambazo hazipo, na mkaguzi akizigundua atatilia shaka hesabu nzima.

Fedha zimelipia matibabu, ada za shule na posho za walinzi. Kikao cha mgao kifanyike hadharani, kiasi kisomwe kwa sauti kwa Kihadzabe na Kiswahili, kisha kibandikwe ukutani kabla senti moja haijatoka benki.